Tovuti Isiyo na Jina

Mwanamke aliyenifundisha kutengeneza tovuti alikuwa na kibanda cha fotokopi Kadutu, hapa Bukavu, pale njia ya udongo inapoanza kuteremka kutoka sokoni, na siku ya kwanza alinicheka mbele ya wateja. Nilikuwa nimemwambia kwamba nataka kujifunza kujenga tovuti yangu binafsi, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Alikuwa akimchapia mtu barua ya kuomba kazi. Akaacha, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Papa, uko na miaka ngapi?"

"Cinquante-trois," nikasema, yaani hamsini na mitatu.

"Na site unataka ya kufanya nini?"

Nikamjibu kwamba hilo ni langu. Akacheka zaidi, na yule mwenye barua naye akacheka, ingawa yeye alikuwa ameshindwa kuandika hata nusu ukurasa wa kujiombea kazi mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikangoja wamalize. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kuzaa uzeeni.

Tulipatana. Asubuhi, kabla wateja hawajajaa, ningetumia kompyuta yake ya pili, ile ya zamani, nami ningemsahihishia Kifaransa cha barua anazochapa. Ndivyo nilivyolipia masomo. Nilisahihisha barua nyingi mno za watu wanaoomba kazi katika mji usio na kazi, na mpaka leo sijui ni nani aliyewafundisha wote kujiita "dynamique", yaani wachangamfu.

Siri yangu haikuwa kubwa. Kwa miaka kumi na saba nilifanya kazi katika shirika moja la hapa Bukavu lililochunguza maisha ya wachimba dhahabu wa Mwenga na Shabunda. Kazi yangu ilikuwa kwenda kule, kulala kwenye vibanda vya turubai, kusikiliza watu na kuandika. Nilirudi na matope mpaka magotini na ripoti mkobani. Ripoti ikichapwa, juu yake palikaa jina la mkubwa wangu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba habari zilikusanywa na "équipe de terrain", yaani kundi la wale wanaokwenda kwenye matope. Kundi hilo lilikuwa mimi. Safari nyingine lilikuwa mimi na dereva.

Nisiseme uongo, sheria ya kuficha majina haikuzaliwa na ubaya. Mwaka mmoja, kwenye kizuizi cha barabara, wenye bunduki walimkuta mwenzetu na karatasi yenye majina ya watu waliozungumza naye. Hawakumpiga. Walisoma yale majina kwa sauti, moja moja, wakayanakili katika daftari lao, kisha wakamrudishia karatasi yake kwa adabu. Wiki haikwisha, watu sita wa kijiji kile walikuwa wamehama na familia zao. Tangu hapo shahidi aliitwa herufi na namba, na sisi tuliouliza maswali hatukuitwa chochote. "Jina inaua," mkubwa alitwambia katika kila mkutano. La kwake liliweza kukaa juu ya ripoti kwa sababu alikuwa na pasipoti, viza na dada Ulaya. Tulilikubali hilo. Hata leo nusu yake nalikubali.

Kisha wafadhili wakaondoka, ofisi ikafungwa, na hali ya mji ilipoharibika mkubwa akahamia nchi ya mbali kidogo, ambako umeme haukatiki. Mimi nilibaki nyumbani Cimpunda na madaftari saba. Hayakuwa ya ofisi. Ndani yake niliandika yale ambayo maswali ya ofisi hayakuyauliza. Kulikuwa na mchimbaji aliyeshuka shimoni na matokeo ya shule ya mtoto wake shingoni, ameyafunga ndani ya plastiki. Kulikuwa na mama aliyewapikia wanaume arobaini na kumjua kila mmoja kwa kikohozi chake, mpaka aliweza kusema mezani, bila kuinua kichwa, ni nani aliyekosekana. Kulikuwa na mzee aliyeosha mchanga miaka thelathini na hakuwahi kuvaa pete ya dhahabu. Na kulikuwa na ukurasa kuhusu wenye bunduki wanaopita kila Jumamosi kuchukua fungu lao.

Nilitaka kuweka maneno hayo mahali ambapo mtu akiyasoma atajua ni mimi niliyeyaandika. Mahali pamoja tu, sikuomba pawili. Mtu akitumia miaka kumi na saba kuwaandikia wengine anaanza kuwa na njaa ya namna hiyo, na ni njaa ya aibu, kwa sababu wengine wana njaa ya kweli.

Kompyuta ile ya pili ilikuwa na kibodi ya Kifaransa, na kitufe kimoja kilikuwa kimeng'oka kofia. Kati ya vitufe vyote, kilikuwa ni kile chenye alama mbili za pembe, ya kufungulia na ya kufungia. Anayechapa barua anaweza kumaliza maisha yake bila kukigusa. Anayejenga tovuti hamalizi mstari bila kukigusa mara nne. Nilikibonyeza kwa ncha ya bic iliyokwisha wino, nikikodoa macho kama fundi wa saa.

Mwalimu wangu, ndivyo nilivyoanza kumwita, naye jina hilo lilimpendeza, hakuwa na subira hata kidogo. Alikuwa amesoma informatique, elimu ya kompyuta, miaka miwili, baba yake akafa, masomo yakakatika, na sasa alifundisha kama mtu anayelipiza kisasi.

"Kila kitu unafungua, unafunga. Hapa umefungua mulango, umeuacha wazi. Angalia sasa."

Niliangalia. Ukurasa mzima ulikuwa umenenepa herufi kuanzia juu mpaka chini, kwa sababu ya mlango mmoja nilioacha wazi kwenye mstari wa tatu. Niliufunga, na herufi zote zikakonda kwa mara moja. Sitaficha kwamba nilitabasamu. Ofisini sikuwahi kurekebisha kosa likarekebishika haraka hivyo.

Makosa mengine yalikuwa na kiburi zaidi. Kila neno la Kifaransa lenye alama juu ya herufi liligeuka takataka, mpaka mwalimu aliponionyesha mstari mmoja wa kuandika kwanza, unaoiambia kompyuta itasoma herufi za namna gani. Kisha picha. Nilikuwa na picha ya barabara ya Shabunda, gari letu limezama mpaka kwenye milango, na kwenye kompyuta ya kibanda ilikaa vizuri kabisa. Tulipofungua ukurasa kwenye simu yake pakatokea kisanduku cheupe. Nilikuwa nimeuelekeza ukurasa uende kuchukua picha ndani ya kompyuta ileile, juu ya meza ileile, Kadutu.

"Mutu wa Canada atakuya kuangalia picha hapa kwangu?" mwalimu aliuliza. "Nimuwekee kiti?"

Nilichukia. Nilitoka nje, nikasimama kwenye njia, watu wakipita na magunia ya makaa migongoni na mapikipiki yakiwapigia honi, nikajiambia kwamba nimezeeka na sina kazi, na sasa nimekwenda kutafuta mahali pa kudharauliwa asubuhi na mapema. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilirudi ndani, akanisukumia kiti kwa mguu, tukaendelea.

Baada ya miezi miwili tovuti ilisimama. Ilikuwa na ukurasa wa mbele na kurasa saba nyuma yake, moja kwa kila daftari. Kwa ukurasa wa mbele tulitumia mfano uliokuwa kwenye somo alilokuwa amelipakua, na mfano huo ulikuwa na maandishi ya kijivu juu kabisa: "Votre nom". Hapo ndipo mwenyewe anapaswa kufuta na kuandika jina lake. Nilifuta. Nikaandika: Madaftari ya Njiani.

Mwalimu akauliza: "Na jina?"

"Ndiyo hilo."

"Hilo ni jina ya site. Jina yako iko wapi?"

Nikampa hotuba ya ofisi. Nikamweleza habari za kizuizi na karatasi, na zile familia sita, na ule ukurasa wa Jumamosi. Nikamwambia kwamba mwenye busara haandiki jina lake katika mji huu, siku hizi zaidi kuliko zamani. Niliongea vizuri, kwa sauti ya mkubwa wangu, hata maneno yalikuwa yake. Picha yangu sikuiweka, anwani sikuiweka, na pale kwenye ukurasa unaoitwa "Mimi ni nani" niliandika mistari minne kuhusu barabara.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika kiuno.

"Papa, nyumba yenye haina mwenyewe, mutu yeyote anaingia analala."

"Wanaonijua watanijua," nikamjibu.

Nilijua nasema upuuzi. Nilikuwa nimepanda kilima kila asubuhi miezi miwili kwa ajili ya jina langu, na nilipofika mahali pa kuliandika niliogopa. Nikajiambia nitaliweka baadaye, hali ikitulia. Katika mji wetu kila mtu ana kitu atakachokifanya hali ikitulia.

Tulipoipandisha mtandaoni nilimwonyesha mke wangu kwenye simu yake. Anauza maharagi soko la Kadutu, na anasoma polepole, akisogeza midomo. Alisoma habari ya yule mama wa kikohozi mpaka mwisho huku mteja akingoja. Kisha akapandisha ukurasa juu, akashusha, akatafuta.

"Haina jina yako," akasema.

"Haina."

"Ni muzuri," akasema, akamgeukia mteja.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana bila hilo nisingekuwa na la kusimulia. Baba yangu alikuwa na shamba la migomba, na kila alipokamua ndizi, mtungi wa kwanza wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, haukunywewa nyumbani. Ulipelekwa kwa yule aliyemgawia ardhi. Mtungi ulitangulia hata kama wageni walikuwa wameketi uani wana kiu. Nilikua nikiona hivyo, na ofisini niliendelea hivyo: hakuna karatasi iliyotoka bila mkubwa kuionja. Kwa hiyo tovuti ilipokamilika sikufikiri hata dakika moja. Nilimtumia mkubwa wangu wa zamani kiungo chake, kabla ya rafiki yeyote, kabla ya ndugu zangu. Niliandika: "Chef, angalia kazi kidogo nimefanya." Hakuna aliyeniomba. Ardhi hii haikuwa yake, na mtungi nikaubeba mwenyewe.

Alikaa kimya wiki tatu. Kisha siku moja mchana, nikiwa nyumbani naziba paa, akanipigia.

"Mon frère, ile kazi ni ya maana. Nimesoma yote."

Nakiri kwamba nilishuka ngazi ili nisikie vizuri. Katika miaka kumi na saba hakuwahi kuniambia amesoma yote.

"Merci, chef."

"Nimeiweka mu dossier yetu."

"Dossier gani?"

Akanieleza bila haya yoyote, na nadhani mpaka leo haoni palipo na haya. Alikuwa ameomba kazi kubwa ya ushauri kwa wafadhili fulani. Walitaka mwombaji aonyeshe kwamba anaijua migodi kwa miguu yake. Akawapelekea tovuti yangu kuwa mfano wa kazi yake.

"Bameipenda sana," akasema. "Sasa banauliza iko ya nani, juu haiko na jina. Ni kitu kidogo tu. Uweke jina yangu pale juu."

"Jina yako."

"Eh. Na wewe nitakuweka chini, équipe ya terrain. Dossier ikipita, kazi uko nayo."

"Chef, si ulikuwa unasema jina inaua?"

"Mimi niko mbali, mon frère. Wewe uko pale. Ni wewe niko nakuchunga."

Nilimwambia nitaangalia na connexion, yaani mtandao ukikubali. Hilo ndilo jibu la Bukavu kwa kila jambo ambalo mtu hataki kulijibu, naye alilijua, akacheka, akasema anahitaji kabla ya Ijumaa. Tukaagana vizuri. Tuliulizana hata habari za watoto.

Kisha nikakaa chini kwenye matofali. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, lakini hawakusema kwamba wakati mwingine wewe mwenyewe umekifungulia kifungo cha shati. Nilimkasirikia yeye, na nilijikasirikia mimi zaidi. Yule mama wa kikohozi alinisimulia maisha yake nikimsaidia kuchambua mchele, mpaka giza likaingia. Mkubwa hakuwahi kufika kwenye mgodi ule. Mara moja tu alisogea karibu, gari likakwama, akarudi, na mimi nikaendelea kwa miguu. Sasa angekuwa yeye aliyechambua mchele.

Na kazi niliihitaji. Nisijifanye shujaa. Mke wangu alikuwa akitulisha sote kwa maharagi, na jina lile lingechukua sekunde ishirini kuandika. Nilikwenda kibandani asubuhi iliyofuata bila kujua nitaandika la nani, na njia nzima ya kupanda nilikuwa nikijibishana na mkubwa kwa sauti, hata mwanamke mmoja mwenye beseni la samaki kichwani akanipisha.

Nikamsimulia mwalimu. Hakusema "nilikuambia", na kwa mtu mwenye ulimi kama wake hiyo ilikuwa heshima kubwa. Alifungua faili, akafika kwenye mstari wa juu, akainuka kwenye kiti akanipisha.

"Sasa jina gani?" akauliza.

Nikachukua ile bic. Nikafungua alama ya pembe, nikaandika, nikafunga. Niliandika majina yangu yote matatu: la ubatizo, la baba, na lile alilonipa bibi yangu siku niliyozaliwa, ambalo hata kwenye diploma waliliandika vibaya. Niliyaandika tena chini ya kila daftari, mara saba. Kwenye ukurasa wa "Mimi ni nani" nilifuta barabara nikaandika kwamba nilizaliwa Nyantende, naishi Cimpunda, na haya yote nimeyasikia kwa masikio yangu. Mwalimu alijifanya anapanga karatasi.

Tulipandisha. Nikafungua kwenye simu yangu, nikaliona. Nikafunga, nikafungua tena, nikaliona tena. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikamnunulia mwalimu andazi na chai, na nikasahihisha barua tatu siku hiyo bila kumkasirikia mtu yeyote.

Jioni ya Ijumaa ukaja ujumbe wa mkubwa, maneno mawili: "Umeniharibia kabisa." Kisha picha yake ikatoweka kwenye simu yangu, yaani amenifungia. Kazi ilikuwa imekwenda. Nilikuwa nimeutegemea uchungu huo, nikaumeza. Kitu ambacho sikukitegemea ni woga uliokuja nyuma yake. Nilikuwa nimeweka jina, kijiji, mtaa na ukurasa wa Jumamosi mahali pamoja, kwa hasira, na mji ukiwa jinsi ulivyo. Nilimwambia mke wangu kesho yake asubuhi. Aliweka chini beseni alilokuwa akiliosha.

"Umeandika na Cimpunda?"

"Ndiyo."

"Uliogopa miaka yote ile, ukachagua mwaka huu kwa kuacha kuogopa?"

Alinifungia nguo mbili na sabuni katika mfuko, akampigia simu kaka yake aliye kijijini kwao, akasema nakwenda kumsaidia kulima. Sikubisha. Nilimwuliza tu kama nitoe jina kwanza, naye akasema kama wameona wameona, kulitoa kutawaambia kwamba naogopa.

Shemeji yangu hakuuliza chochote. Alinipa jembe, akanionyesha mstari wangu. Kwa wiki mbili nililima shamba la maharagi la mtu mwingine, na kila pikipiki iliposikika inapanda kutoka barabarani nilijikuta nimesogea kwenye migomba, bila hata kuamua. Shemeji aliona. Siku ya nne aliniambia, "Ile ni pikipiki ya mwalimu wa shule. Unaweza kurudi." Watoto wake walicheka. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na mitatu mwenye diploma, na nilijificha nyuma ya mgomba nikimkimbia mwalimu wa shule ya msingi.

Chumba cha kuhojiwa nilikijenga mwenyewe kichwani. Nikiwa nalima nilitayarisha majibu. Humo wenye bunduki walikuja wakiwa watatu, wakati mwingine wanne, wakaketi mbele yangu, na mmoja wao alikuwa ameshika simu yenye ukurasa wangu. "Ni wewe uliandika hii?" Siku za kwanza nilikana. Nilisema ni jina linalofanana. Nikasema nimetumwa. Lakini siku zilivyokwenda jibu lilibadilika, na wiki ya pili nilikuwa nikisema ndiyo, ni mimi, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia mbele ya mtu. Wakati mwingine aliyeuliza hakuwa mwenye bunduki, alikuwa mmoja wa wale wafadhili, ana miwani, amevuka mpaka kunitafuta kwa sababu ameelewa ni nani aliyetembea kwenye matope. Ni wewe? Ni mimi. Sina haya kusema kwamba kufikia mwisho nilikuwa nalisubiri swali lile, litoke kwa yeyote, wa kunidhuru au wa kunipa mkono.

Wiki mbili zilipokwisha sikuvumilia, nikapanda pikipiki kurudi. Nilishukia sokoni moja kwa moja. Mke wangu alikuwa akimpimia mtu maharagi kwa kopo.

"Nani alikuya kuniuliza?"

"Hakuna."

"Hata kwa simu?"

"Hata."

"Na kwa majirani? Umeuliza majirani?"

"Niliuliza. Hakuna mutu alikuuliza." Akapangusa juu ya kopo kwa kiganja ili lisizidi. Alikuwa amefurahi, ilionekana usoni. "Mungu iko."

Nilimshukuru Mungu pamoja naye, na nilimshukuru kweli, kwa sekunde kadhaa. Kisha nikaenda mpaka kibandani. Mwalimu alikuwa peke yake. Nikamwomba afungue pale panapoonyesha tovuti imefunguliwa mara ngapi tangu siku niliyoweka jina. Alinitazama kidogo kabla ya kufungua, na nikajua kwamba alikuwa amekwisha kuangalia.

"Onze," akasema.

Kumi na moja. Si haba, nikafikiri, kwa mtu asiyejulikana. Hata kama ni watu kumi na mmoja tu, wamesoma.

"Huit ni mimi," akasema, yaani nane. Alikuwa akiongea polepole, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. "Nilikuwa naangalia kama iko inafunguka. Na mbili ni wewe, ile siku."

Hiyo moja iliyobaki niliijua mwenyewe ni ya nani. Mkubwa hakusoma, nadhani. Aliangalia juu tu, akaona kwamba si jina lake, akafunga. Wafadhili hawakurudi, wenye bunduki hawakuja. Nilikuwa nimelala wiki mbili sakafuni kwa shemeji, nimekimbia pikipiki za watu, nimejifunza kusema ni mimi kwa sauti, na hakuna mtu duniani aliyekuwa njiani kuja kuniuliza. Nilitamani angalau wangenitafuta, hata kwa ubaya. Ni dhambi kusema hivyo katika mji ambamo watu wanatafutwa kweli, na nimelisema.

Mteja aliingia na karatasi zake, mwalimu akamwonyesha mahali pa kungoja. Aliinamisha kichwa karibu na kioo, akashusha sauti.

"Papa, tutoe jina? Maman kule nyumbani atalala muzuri."

"Acha pale," nikamwambia. "Hakuna mahali ingine jina yangu inaweza kujificha muzuri kuliko pale."